JE, WAMORMONI NI WAKRISTO?

Wanafunzi wanaojifunza dini mbalimbali huuliza mara kwa mara: Wamormoni waandikwe katika fungu gani? Je, ni Wakristo? Ni Waprotestanti? Au ni dini ya peke yake? Swali laonekana dogo, kama kazi ya karani anayepanga majina daftarini. Lakini ndani yake limo jambo zito: ni nani mwenye haki ya kumpa mtu jina la dini yake, au kumnyang'anya?

Kwanza tueleze habari zao kwa ufupi. Joseph Smith alizaliwa Marekani, katika jimbo la Vermont, mwaka 1805. Mwaka 1830 alichapisha Kitabu cha Mormoni, akisema amekifasiri kutoka mabamba ya dhahabu aliyoonyeshwa na malaika, na tarehe 6 Aprili mwaka huohuo alianzisha kanisa lake katika jimbo la New York. Mwaka 1844 aliuawa na kundi la watu waliovamia gereza alimofungwa. Mwaka 1847 Brigham Young aliwafikisha wafuasi wengi katika bonde la Salt Lake, ambako makao yao makuu yapo hata leo. Jina lao rasmi ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Wanahesabu wafuasi zaidi ya milioni 17, na mwaka 2025 walizindua hekalu mjini Nairobi.

Je, ni Waprotestanti? Jibu ni jepesi, na wao wenyewe hulitoa. Uprotestanti ulianza katika karne ya 16, Luther na wenzake walipotaka kulisahihisha Kanisa kwa kulirudisha katika Biblia. Joseph Smith hakudai kusahihisha. Alidai kwamba kanisa la kweli lilitoweka duniani baada ya mitume, na kwamba mwaka 1829 Yohana Mbatizaji alimtokea akampa ukuhani upya. Mwenye kutia kiraka nguo kuukuu si sawa na yule aliyeitupa, akisema ameletewa mpya kutoka mbinguni. Tena, Waprotestanti hushika Biblia peke yake, hali Wamormoni wana vitabu vitatu zaidi wanavyovihesabu kuwa vitakatifu, na rais wa kanisa lao humwita nabii. Basi Waprotestanti sio.

Je, ni Wakristo? Hapa twahitaji kipimo, maana kila kipimo hutoa jibu lake.

Kipimo cha kwanza ni kumkiri Yesu. Wamormoni humwamini kuwa Mwana wa Mungu na Mwokozi aliyekufa kwa ajili ya dhambi za watu kisha akafufuka, na hubatiza kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Kwa kipimo hiki hakuna njia ya kuwakatalia jina la Ukristo.

Kipimo cha pili ni kanuni ya imani iliyotokana na Baraza la Nikea la mwaka 325, kwamba Mwana ni wa asili moja na Baba. Hii Wamormoni hawaikubali. Hufundisha kwamba Baba, Mwana na Roho Mtakatifu ni nafsi tatu zilizotengana, zenye nia moja tu, na kwamba Baba ana mwili wa nyama na mifupa. Joseph Smith alifika hata kuhubiri, mwaka 1844, kwamba Mungu mwenyewe hapo kwanza alikuwa kama mwanadamu. Kwa kipimo hiki wako nje. Ndiyo maana mwaka 2001 Vatikani ilitangaza kwamba ubatizo wao si halali, ingawa ubatizo wa Waprotestanti kwa kawaida huukubali. Wamormoni nao humbatiza upya kila ajaye kwao kutoka kanisa jingine. Basi pande zote mbili, kwa matendo yao, hushuhudia kwamba kati yao kuna mpaka.

Lakini twauliza: ikiwa Nikea ndiyo kipimo cha Mkristo, wale walioishi kabla ya mwaka 325 walipimwa kwa nini? Makanisa hujibu kwamba Baraza halikuzua jipya, bali lilitamka wazi lililokuwa likiaminiwa tangu mitume. Hilo si jibu la kupuuzwa. Hata hivyo ndilo jambo lenyewe linalobishaniwa, na jambo linalobishaniwa haliwezi kuwa hakimu wa kesi yake lenyewe.

Kwa hiyo yatupasa kutenga mambo mawili. Kanisa lina haki ya kulinda mlango wake: kusema ubatizo upi linaukubali na nani ashiriki meza yake. Lakini kumwambia mtu, "Wewe usijiite mfuasi wa Yesu," ni jambo jingine. Kurani Tukufu, katika sura Al-Hujurat, yataja Mabedui waliodai kuamini hali imani ilikuwa bado haijaingia mioyoni mwao; hata hao hawakukatazwa kusema kwamba wamesilimu. Sisi Waahmadiyya twaujua uchungu wa jambo hili, kwani mwaka 1974 Bunge la Pakistani lilibadili katiba na kutuandika kuwa si Waislamu. Tusilolipenda kwetu tusimtendee mwingine.

Pamoja na haki hiyo uko wajibu. Mwenye kulichukua jina linalotumiwa na wengi yampasa aeleze wazi analolikusudia. Anayebisha hodi mlangoni pa Mkristo na kusema, "Sisi sote twamwamini Kristo," amesema kweli nusu, asipoeleza kwamba habari za Mungu azifundishazo si zile alizozizoea mwenyeji wake.

Basi jibu letu ni hili: Wamormoni si Waprotestanti, kwa kumkiri Yesu ni Wakristo, nao waitwe hivyo, na kwa itikadi na ubatizo ni jumuiya ya peke yake.

Ndugu msomaji, wewe utafutaye njia, usiishie kwenye jina. Kuitwa Mkristo hakulifanyi fundisho kuwa la kweli, wala kunyimwa jina hakulifanyi kuwa la uongo. Uliza fundisho lasema nini juu ya Mungu. Mungu mwenye mwili na Mungu wa nafsi tatu, wote wawili wapimwe kwa mizani moja: je, manabii waliwaita watu kwa Mungu wa namna hiyo, au kwa Mungu Mmoja asiyefanana na chochote? Mwenyezi Mungu atuongoze sote katika njia iliyonyoka. Amin.