Macho ya Bawabu na Kitabu cha Mtihani

Tumeulizwa masala na kijana aliyeko Suneka, huko Kisii, njia ya Migori. Yeye ni bawabu wa ghala, hulinda usiku kucha. Ataka kufanya mtihani wa KCSE, huu unaofanywa Kenya tangu 1989, kwa nafsi yake pasi na kwenda skuli. Kwani pasipo alama ya C+ hataingia chuo kikuu kusomea shahada. Usiku hapiti mtu. Je, ni khiyana akisoma?

Yafaa tutizame ameuza nini. Muuzaji wa dukani akisoma wakati ambapo hapana mnunuzi, hakumpunguzia tajiri wake kitu. Lakini bawabu ameuza macho yake. Jicho lililo kitabuni haliko mlangoni, na kupita salama usiku wa jana si hoja. Mwivi haleti barua kwanza. Wanazuoni wetu wa Kishafii wamezitoa nyakati za Sala katika saa za ijara, pasi na kupunguzwa ujira. Kusomea mtihani si katika hukumu hiyo. Basi na aombe ruhusa, na akinyimwa akifunge kitabu.

Wala tajiri naye asijione ameokoka. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 yampa mfanyakazi siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi, kwa mshahara kamili, kila atimizapo miezi 12. Wangapi wanaozila siku hizo, kisha wakalalamika kuwa bawabu asinzia! Siku hizo ni mali ya kijana. Na asomee humo, na wa mwaka huu ukimpita, ajiandikishe wa mwakani.