Posho ya Safari ni Haki ya Nani?



Ndugu zangu katika imani, kila mwaka baadhi yetu hujaaliwa kwenda Ulaya kwa kozi fupi, kongamano au mashindano ya midahalo. Kabla ya kuondoka tunapewa nasaha nyingi: beba sweta, tafuta kibla mapema, jihadhari na nyama. Kuhusu fedha nasaha huwa moja tu, nayo husemwa kwa kunong'ona: "Posho usiile, rudi nayo." Mimi niliifuata. Leo nataka tuihoji pamoja. Mwanafunzi anapopewa fedha za safari, fedha zile ni haki ya nani?

Nilikwenda Berlin, Ujerumani, kwa kozi ya siku 14. Waandalizi walilipia ndege na malazi, kisha wakanikabidhi euro 420 za chakula na usafiri wa mjini, yaani euro 30 kwa siku. Tukikadiria euro moja kuwa shilingi 4,000 za Uganda, hizo ni zaidi ya milioni moja na nusu. Nyumbani, mdogo wangu wa kike alikuwa amerudishwa kutoka shule kwa deni la karo la shilingi milioni moja. Hesabu haikuhitaji kalamu. Nikitumia euro 12 kwa siku, zinabaki kama 250, na mtoto anarudi darasani. Nayasema haya ili msomaji asidhani nilikuwa natamani simu mpya. Nia yangu ilikuwa njema, na hapo ndipo swali linapokuwa gumu.

Maradhi ya kwanza ya msafiri mgeni ni kubadilisha kila bei kichwani. Kikombe cha chai cha euro 3 kinageuka shilingi 12,000, na kwa 12,000 karibu na chuo chetu watu wawili wanakula wali na maharage wakashiba. Ukihesabu hivyo, hata chai unaiona dhambi. Kwa siku tano niliishi kwa mkate, ndizi na maji ya bomba, ambayo kule ni salama kunywa. Usafiri ulikula euro 8 kwa siku, tumbo langu likapewa 4. Siku ya nne nilisinzia darasani mpaka mwalimu akaniuliza kwa upole kama naumwa. Nikamjibu kuwa ni uchovu wa safari. Ulikuwa uongo.

Siku ya tano nilifika mbali zaidi. Vituo vya treni vya Berlin havina mageti. Unanunua tiketi yako, unaipiga muhuri kwenye mashine, unapanda. Wakaguzi hupita mara moja moja, na asiye na tiketi hutozwa euro 60. Nilisimama mbele ya mashine nikihesabu: karibu euro 4, shilingi 16,000. Nikapanda bila tiketi. Hakuna mkaguzi aliyekuja. Nilishuka salama, nikaenda kuswali Adhuhuri, na nilipoinua mikono kwa takbira nikakuta bado nahesabu zile euro 4.

Ndugu yangu, jiulize nilifikaje pale. Sikuanza kwa wizi. Nilianza kwa kuunyima mwili wangu, nikaendelea kwa kumdanganya mwalimu, nikamalizia kwa kuwadhulumu watu wa mji ule nauli yao. Aliyezoea kujinyima kilicho haki yake huanza kuona kila malipo ni hasara, hata malipo ambayo ni haki ya mwenzake.

Tunakijua kisa cha Salman na Abu Dardaa (R.A.). Abu Dardaa alizidisha ibada mpaka akasahau nafsi yake na mkewe. Salman akamkumbusha kwamba Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki na familia yake ina haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake, na Mtume (S.A.W.) akasema Salman amesema kweli. Ikiwa hata ibada haimruhusu mtu kuula mwili wake, je, karo inaruhusu? Na tukumbuke kuwa kuna mwenye haki mwingine: aliyezitoa zile fedha. Alizitoa ili nile, nifike darasani nikiwa macho, nijifunze. Nilipokuwa nasinzia, nilikuwa navunja amana yake hata kama hakuna risiti iliyoghushiwa.

Sisi wa Uganda tukisikia "posho" tunaona ugali kwenye sahani. Wenzetu wa Tanzania wakisikia neno hilohilo wanafikiria fedha za mkononi. Zamani lilikuwa chakula cha kila siku anachopewa mtu aliye kazini au safarini. Maana ya kwanza haifai kusahauliwa.

Katika Suratul Furqaan, aya ya 67, Allah (S.W.) anawasifu waja wake ambao wanapotoa mali hawapindukii mpaka wala hawafanyi uchoyo, bali hushika njia ya katikati. Israfu tunaikemea sana, kwa sababu inaonekana: viatu vipya, picha mbele ya mnara. Uchoyo hujificha, wakati mwingine ndani ya kanzu ya wema.

Atauliza mtu: je, kinachobaki si changu? Inategemea ulivyopewa. Ukipewa kwa sharti la risiti na kurudisha salio, salio ni la mwenyewe, na kuandika chakula ambacho hukula ni uongo. Ukipewa kiasi maalumu kiwe chako, kinachobaki ni halali yako. Lakini kinachobaki ni kile kilichosalia baada ya haki kutolewa. Kukitenga kabla ya kula ni jambo lingine.

Kesho yake nilinunua tiketi mbili. Moja nikaitumia, ya pili nikaipiga muhuri, nikaichana. Kisha nikapanga upya. Nilinunua tiketi ya siku saba, ambayo kwa anayepanda mara mbili kila siku ni nafuu. Nilinunua mchele, dengu na mayai, nikapika jikoni pale hosteli. Maduka ya Waturuki yalinisaidia kupata vya halali. Nilinunua vyote Jumamosi, kwani Jumapili maduka mengi ya Ujerumani hufungwa. Chupa za plastiki nilizirudisha dukani, maana nyingi zina amana ya senti 25. Mwenye kadi naye ajue hili: mashine ikimuuliza alipe kwa fedha ya kwao au kwa euro, achague euro, maana kiwango cha ubadilishaji cha mashine mara nyingi humuumiza mteja. Na jioni moja nilikwenda kula na wenzangu wa kozi bila kubadilisha bei kichwani. Siku tisa hizo nilitumia kama euro 18 kwa siku, na sikusinzia tena.

Nilirudi na euro 170 na zawadi ndogondogo. Hazikutosha karo. Mdogo wangu alikaa nyumbani wiki tatu zaidi tukichangishana zilizobaki, na sitawadanganya kwamba sikuumia kumwona akifagia uwanja saa za masomo. Uchungu ule sijaupatia jawabu rahisi. Lakini tumefundishwa kwamba Siku ya Kiyama mtu ataulizwa kuhusu mali maswali mawili: ameichuma wapi na ameitumia katika nini. Kwa zile 170 nina la kujibu. Kwa zile euro 4 nilichana tiketi, na bado naomba msamaha.

Basi wewe unayejiandaa kusafiri, kabla ya kuandika bajeti andika kwanza orodha ya wenye haki: Mola wako, aliyekupa, mwili wako, watu wa mji unaokwenda, na jamaa zako. Kisha gawa.

Wallahu a'lam.