Kiwiko cha Mtoto

JUMATANO

Soma Hosea 11:1–4. Je, Mungu alimtendea Efraimu nini katika fungu la 3? Katika fungu la 4, anawavuta watu Wake kwa kitu gani?

Kati ya kiwiko na kiganja kuna mifupa miwili. Ulio upande wa kidole kidogo umeungana na mfupa wa juu wa mkono kama bawaba ya mlango. Kwa huo mkono hukunjwa na kunyoshwa. Ulio upande wa kidole gumba una kichwa cha mviringo, nacho huzunguka ndani ya kano iliyokizingira kama pete. Kwa huo mtu hugeuza kiganja juu apokee, na kukigeuza chini abariki.

Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, pete hiyo bado haijakaza. Mzazi mwenye haraka ya kuvuka barabara akimvuta ghafula, kichwa cha mfupa huweza kuchomoka kidogo. Mtoto hulia, kisha huacha kuutumia mkono ule. Aliyemvuta kwa kawaida si adui. Ni mtu ampendaye.

Kanisani pia hutokea hivyo. Muumini aliyebatizwa juzi hukaripiwa mbele ya watu kwa sababu ya mavazi au chakula. Anayemkaripia anataka afike mbinguni. Sabato inayofuata mahali pake pako wazi, na wengine husema hakuwa na imani. Kumbe kiungo kimeteguka.

Soma Wagalatia 6:1. Neno la Kiyunani ambalo Paulo alitumia kuhusu kumrejesha aliyeanguka ndilo linalotumika katika Mathayo 4:21 kwa wavuvi waliotengeneza nyavu zao. Matabibu wa Kiyunani nao walilitumia kuhusu kurudisha kiungo kilichoteguka.

Tabibu hamvuti mtoto mara ya pili. Hukishika kiwiko, hugeuza mkono taratibu, na kuukunja. Mara nyingi, baada ya dakika chache, mtoto huunyosha tena mkono ule ule uliokuwa ukiuma.

Mungu naye huvuta, lakini kwa upendo. Alimfundisha Efraimu kutembea kwa mwendo wa mtoto, akamchukua mikononi Mwake, akamponya hata kabla mtoto hajatambua.

Je, yuko mtu ambaye mahali pake pako wazi kwa sababu ya neno ulilomwambia kwa haraka? Juma hili utamwendea vipi kwa roho ya upole?