Msaada wa Wafanya Biashara kwa Wanafunzi: Fadhili au Deni?

Mkono utoao husifiwa katika kila lugha, na mkono upokeao huona haya katika kila taifa. Sifa ya mmoja na haya ya mwingine huchukuliwa kama mambo ya maumbile yasiyohitaji kuulizwa. Walakini yako matoleo ambayo, yakipimwa sawasawa, mtoaji hastahili sifa yote apewayo, wala mpokeaji hapaswi kuona haya yote aonayo. Mojawapo ni msaada ambao wenye biashara huwapa wanafunzi: karo, vitabu, madawati, na nafasi ya kujifunza kazi. Swali la insha hii ni jepesi kutamka na zito kujibu. Msaada huo ni fadhili, au ni malipo ya deni?

Tuanze na maana ya maneno. Fadhili ni kutoa kitu ambacho mtu angeweza kukizuia bila ya kumdhulumu mwenziwe. Deni ni kurudisha kitu ambacho mtu alikwisha kukitwaa. Baina ya mawili hayo pana la tatu, nalo ni mtaji: kutoa leo kwa kutaraji kuvuna kesho. La tatu si baya. Mkulima afukiaye mbegu hatukanwi kwa kutumaini mavuno. Ila si haki mtaji uvae kanzu ya fadhili, ukasimama mbele za watu na kungoja kupigiwa makofi.

Sasa mtazame mwenye kiwanda. Karani wake anajua kuandika, fundi wake wa umeme anajua hesabu, mtunza ghala wake anajua kusoma orodha na kuilinganisha na shehena. Nani aliyewafundisha? Aliwafundisha mwalimu wa kijijini aliyelipwa kwa kodi ya umma, na mzazi aliyeuza mbuzi wake ili mtoto apate sare. Mwenye kiwanda aliwakuta wamekwisha kuiva, kama mtu aingiaye shambani siku ya mavuno. Anawalipa mshahara, ni kweli. Lakini mshahara ni thamani ya kazi ya leo, si thamani ya miaka mingi ya darasani iliyoitangulia kazi hiyo. Kwa hiyo kila biashara inaanza na deni ambalo halimo katika daftari lake la hesabu.

Sheria imelitambua deni hili kwa kiasi. Nchini Tanzania, sheria ya mwaka 1994 iliyounda Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi iliweka pia tozo ya kuendeleza ufundi, inayotolewa na waajiri kwa kadiri ya mishahara wanayolipa. Mwaka 2023 kiwango chake kilishushwa kutoka asilimia 4 hadi asilimia 3.5. Tozo haiombwi kwa unyenyekevu kama sadaka, hudaiwa. Lakini sheria ina mkono mfupi. Inaweza kudai fedha, haiwezi kudai moyo. Haiwezi kumlazimisha stadi wa kazi aketi na kijana saa nzima na kumwonyesha kwa nini jana alikosea.

Historia ya pwani yetu ina mfano ambao huutafakari mara kwa mara. Katika karne ya 19 aliishi Bagamoyo tajiri mmoja aliyeitwa Sewa Haji Paroo, ambaye aliipatia misafara ya bara bidhaa na wapagazi. Kabla ya kufa kwake mwaka 1897 alitoa mali kwa ajili ya hospitali katika Dar es Salaam, na jina lake lingali likitajwa Muhimbili hata leo. Bagamoyo alitoa jengo la shule, akataka lipokee watoto bila ya kuwabagua kwa rangi wala dini. Kwa siku zile, lilikuwa neno kubwa kutamkwa na mtu yeyote.

Je, shule ile ilikuwa fadhili? Naam, kwa kuwa wengi waliotajirika kwa njia ile ile hawakuacha hata benchi la mtoto kukalia. Lakini ilikuwa deni pia. Mali ya misafara ilifika pwani juu ya mabega ya watu. Mpagazi alibeba mzigo wa kadiri ya frasila mbili, akatembea muda wa miezi mitatu hivi kutoka Tabora hadi baharini, na aliyeanguka njiani aliachwa njiani. Jina la mtoaji limebaki ukutani. Majina ya waliobeba hayakuandikwa popote. Sisemi haya ili kumpunguzia marehemu sifa yake. Nasema kwamba mtu mmoja anaweza kuwa mkarimu na mdaiwa kwa wakati mmoja, na kwamba ukarimu wake hung'aa zaidi akilijua deni lake.

Tena katika maisha ya tajiri huyo limo tendo jingine ambalo halikuwekewa jiwe la ukumbusho. Kijana mmoja kutoka Kutch, Allidina Visram, aliingia katika biashara yake na akajifunza kazi humo. Kijana huyo alikuja kuwa mfanya biashara mkubwa, mwenye maduka yaliyoenea mpaka Uganda. Alipofariki mwaka 1916 mwanawe alijenga shule ya sekondari Mombasa kwa kumbukumbu yake, ikafunguliwa mwaka 1923. Ilihudumia kwanza watoto wa Kihindi, maana serikali ya kikoloni iligawa shule kwa rangi. Leo mlango wake u wazi kwa wote. Basi Sewa Haji alitoa mara mbili: alitoa nyumba, na alitoa kazi ya kujifunzia. Nyumba ilimletea sifa. Kazi ilizaa mtu, na mtu yule akazaa shule nyingine.

Hapa ndipo moyo wa jambo ulipo. Zamani, kijana alipopelekwa kwa fundi wa majahazi, au wa milango ya kuchonga, au wa kushona kanzu, fedha ilitoka kwa mwanafunzi kwenda kwa fundi. Mwishoni fundi alipewa kilemba, yaani tunu ya kuhitimu kwa mwanagenzi wake. Fundi hakutoa fedha. Alitoa siri ya mkono wake. Na kama kijana alitoka kwake hajui kitu, aibu ilikuwa ya fundi, kwa kuwa watu walimwuliza kijana, "Umefunzwa na nani?" Siku hizi mambo yamegeuka. Mwenye kazi hutoa fedha, akaificha kazi. Hulipa karo, hugawa madaftari yenye nembo yake, hupiga picha na watoto. Lakini kijana akibisha mlango na kuomba kufundishwa, huambiwa hapana nafasi.

Nisieleweke kuwa nadharau fedha. Mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa karo hawezi kushibishwa na falsafa. Nchini Kenya mpango uitwao Wings to Fly, ulioanzishwa mwaka 2010 na wakfu wa Benki ya Equity pamoja na Mastercard Foundation, umewalipia masomo ya sekondari maelfu ya watoto wenye akili waliotoka katika nyumba za kimaskini. Mtu mwenye haki hawezi kuudharau. Nami naona fahari zaidi kwa desturi nyingine ya benki hiyo, ambayo ni ya zamani kuliko mpango huu: kuwachukua wanafunzi waliofaulu vizuri wafanye kazi ya kweli, kwa ujira, kabla hawajaingia chuo kikuu. Karo humfikisha kijana mlangoni. Kazi humwingiza ndani.

Yanipasa sasa kukiri kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kazi ya kuwasimamia wanafunzi waliokwenda kujifunza kazi katika ofisi na viwanda, safari ambayo wao wenyewe huiita fildi. Mmoja wao alipelekwa kwa wiki nane katika kampuni kubwa yenye jengo la vioo. Nilipomtembelea nilimkuta anapeleka chai. Aliniambia kwamba tangu afike alikuwa ametoa nakala za karatasi ambazo haruhusiwi kuzisoma, na amenunua vitafunio vya wakubwa. Hata hivyo ripoti yake ilipokuja ilikuwa na kurasa 30, imejaa maneno mazuri juu ya maarifa aliyoyapata. Nilijua kuwa ni uongo. Kampuni ilitia muhuri, kijana alitia sahihi, nami nikatia alama ya kufaulu, kwa kuwa bila ya alama hiyo asingehitimu. Mikono mitatu ilishirikiana kuandika uongo mmoja, na mkono wa mwalimu ulikuwa wa mwisho. Kampuni ile ilihesabiwa katika taarifa ya mwaka kuwa miongoni mwa wafadhili wa chuo.

Mwaka uliofuata mwanafunzi mwingine alikwenda katika nyumba ndogo ya kupiga chapa yenye wafanya kazi wanne. Mwenyewe alimpa kazi ya kusoma na kusahihisha kabla ya kuchapa. Siku moja jina la bwana harusi lilipita limekosewa, na kadi zote zikabidi kuchapwa upya. Mwenye kazi alichukua hasara, akamketisha binti yule, akampitisha herufi kwa herufi mpaka akaona kosa lilipojificha. Ripoti yake ilikuwa na kurasa 11 tu, na moja nzima ilieleza habari ya kadi zile. Mtu yule hakuwa na jengo la vioo, wala jina lake halikutajwa katika taarifa yoyote. Lakini hasara aliyokubali siku ile ilikuwa karo kubwa kuliko hundi nyingi nilizoziona zikikabidhiwa.

Yamkini mfanya biashara atajibu: "Mimi si shule. Niliweka mtaji ili nipate faida, na mwanagenzi huharibu mitambo na kupoteza wakati." Jibu hili lina haki ndani yake, na biashara iliyofilisika haimfundishi mtu. Lakini anayelalamika kwamba vijana watokao vyuoni hawajui kazi, na hapo hapo akawanyima mahali pa kuijulia, anafanana na mtu afungaye kisima kisha akawalaumu jirani zake kwa uchafu.

Hoja ya pili ni ya wanazuoni, nayo naiogopa zaidi. Husemwa kwamba tukiukaribisha mkono wa biashara, utashika kalamu yetu. Kwamba atakayelipa ndiye atakayechagua la kusomwa, na elimu isiyo na soko, kama ushairi au historia, itafukuzwa nyumbani kwake. Hofu hii si ya bure. Dawa yake ni kuweka mpaka: mwenye biashara afundishe anachokijua, asizuie kujulikana kwa asichokihitaji. Mdaiwa alipapo deni hapati kwa malipo hayo mamlaka juu ya nyumba ya mdai. Na hii ndiyo faida kubwa ya kuuita msaada huu kwa jina lake la kweli. Fadhili hununua utii. Deni likilipwa huwaacha wote wawili huru.

Mwanafunzi naye hasalimiki. Elimu yake imelipiwa na wengi asiowajua, na nafasi aliyopewa kazini ni nafasi ambayo mwenzake aliikosa. Asiilipe kwa kumpigia mfadhili magoti, bali kwa kujifunza kwa bidii, na kwa kumwonyesha kazi yule atakayekuja baada yake. Deni la namna hii halirudi nyuma; huenda mbele.

Wahenga walisema kwamba dawa ya deni ni kulipa. Walisema pia: tenda wema uende zako. Mithali hizo mbili zinakutana katika jambo hili. Mfanya biashara alipe kama mdaiwa, kisha aende zake kama mkarimu, asingoje makofi. Nasi walimu tukatae kutia alama juu ya uongo. Kwa upande wangu, tangu mwaka ule sijaisahihisha ripoti ya mwanafunzi kabla ya kumwuliza kwa mdomo swali moja: ni kosa gani ulilolifanya huko, na nani alikusahihisha? Asiyekuwa na jibu, namrudisha akatafutiwe mahali pengine. Naye akirudi na jibu, hapo naamini kwamba yuko mtu huko nje aliyelipa sehemu yake.