Refa hakuona: je, yamekwisha?

Novemba 8, 2023, Yanga walikwenda Tanga kucheza na Coastal Union katika uwanja wa Mkwakwani, wakarudi na ushindi wa bao moja kwa bila. Katika mchezo ule kiungo wao wa wakati huo, Khalid Aucho kutoka Uganda, ambaye mashabiki walimpenda kiasi cha kumwita Daktari, alimpiga kiwiko Ibrahim Ajibu wa Coastal. Mwamuzi hakumtoa nje. Mpira ukaendelea, filimbi ya mwisho ikapigwa, watu wakatawanyika. Baadaye kamati inayosimamia ligi, ile ambayo watu wa mpira wameizoea kwa jina la Kamati ya Saa 72, ikalitazama upya tukio lile na kumfungia Aucho mechi tatu.

Ndipo kelele zikaanza. Siku tatu tu kabla ya safari ile ya Tanga, Yanga walikuwa wamemfunga Simba mabao matano kwa moja, na wapo walioapa kwamba adhabu ile haikutokana na kiwiko bali na yale matano. Sisi wa Dodoma tuko zaidi ya kilomita 400 kutoka Jangwani na Msimbazi. Tunayo timu yetu, Dodoma Jiji, iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2020, lakini Yanga au Simba wakija Uwanja wa Jamhuri utadhani wenyeji ndio wageni. Basi adhabu ya mchezaji mmoja ikajadiliwa kwenye vijiwe vya kahawa vya Majengo na Chang'ombe kwa uchungu ambao siuoni debe la mahindi linapopanda bei.

Gazeti hili halijageuka la michezo. Nimelichukua jambo hili kwa sababu hoja nilizozisikia kumtetea Aucho ni zile zile tunazozitumia kujitetea sisi wenyewe kila siku, sokoni, kazini na majumbani. Tofauti ni kwamba kwenye mpira tunazisema kwa sauti kubwa na bila haya.

Ya kwanza ndiyo niliyoisikia kuliko zote: refa hakuona, hakutoa kadi, basi yamekwisha. Kama angeona angetoa. Kwa nini watu wakae mezani baada ya siku kadhaa, na chai mbele yao, waanze kutafuta makosa kwenye picha za televisheni?

Hoja hii si ya kijinga. Ni kweli kwamba mchezo hauwezi kuchezwa mara mbili, na kama kila filimbi ingefunguliwa upya hakuna mechi ingekwisha. Lakini hoja hii inachanganya mambo mawili: uamuzi wa mwamuzi na ukweli wa kilichotendeka. Mtume (s.a.w.), katika hadithi ya Ummu Salama (r.a.) iliyomo ndani ya Bukhari na Muslim, aliwaeleza watu kwamba yeye ni binadamu, wanamletea magomvi yao, na huenda mmoja akawa hodari zaidi wa kujieleza kuliko mwenzake, naye akamhukumia kwa alichosikia. Yule atakayepewa haki ya ndugu yake kwa njia hiyo ajue amekatiwa kipande cha moto. Zingatia nani anasema hivyo. Ikiwa hukumu ya Mtume mwenyewe haikuweza kuigeuza batili kuwa haki, itakuwaje filimbi ya refa wa Ligi Kuu?

Katika shule moja ya sekondari hapa mjini, wakati wa mashindano ya madarasa, kijana wa kidato cha tatu alimpiga mwenzake kiwiko cha mdomo, meno mawili yakatoka. Alipoitwa mbele ya walimu jibu lake lilikuwa fupi: "Ustadhi, refa hakuona." Hakusema hakupiga, wala hakusema alisukumwa. Kwake yeye kosa lilikuwa halijatokea, kwa kuwa mwenye filimbi alikuwa ameangalia upande mwingine. Kijana huyu anaswali, na sura fupi amezihifadhi vizuri. Tunamfundisha darasani kwamba yuko Mwenye kuona, kisha jioni anakwenda kwenye kibanda umiza na kuwasikia watu wazima, wengine wametoka msikitini muda huo huo, wakipiga meza na kusema refa hakuona.

Hoja ya pili ina uzito zaidi: hakukusudia. Mchezo ni wa kasi, mikono inarushwa, mtu anatafuta nafasi ya kuulinda mpira.

Sitaki kusema kilichokuwa moyoni mwa Aucho, simjui na wala si kazi yangu. Nataka kuuliza: tukikubali kuwa hakukusudia, je, ndiyo mwisho wa shauri? Wanafiqhi waligawanya majeraha na mauaji katika makusudi, kinachofanana na makusudi, na kukosea. Mtu aliyerusha mshale kwa swala ukamwua mpita njia hakukusudia hata kidogo. Hata hivyo Sura An-Nisaa, aya ya 92, haikumwambia aende zake nyumbani. Imempa wajibu wa kumkomboa mtumwa na wa kuwalipa diya watu wa marehemu ila wakisamehe, na asiyepata wa kumkomboa afunge miezi miwili mfululizo. Kwa nini, ilhali hana nia mbaya? Kwa sababu aliyeumia naye ana haki yake, na haki hiyo haifutwi na usafi wa moyo wa aliyemuumiza. Kukosa nia humpunguzia mtu dhambi, lakini hakumrudishii mwenzake jino.

Yupo mfano mmoja kutoka mbali ambao unalionesha hili kuliko mpira wetu. Huko Australia wana raga ya wachezaji 13 kila upande, mchezo ambao kumkamata mwenye mpira na kumwangusha ndiyo kazi yenyewe. Machi 2014 wachezaji watatu wa Melbourne Storm walimkamata Alex McKinnon wa Newcastle Knights, kijana wa miaka 22, akainuliwa na kuanguka kwa kichwa. Shingo ikavunjika, akaishia kwenye kiti cha magurudumu. Mmoja wa wale watatu, Jordan McLean, alifungiwa mechi saba. Watu wakagawanyika. Wapo waliosema ni kidogo mno, mechi saba kwa shingo ya mtu. Wapo waliosema ni nyingi mno, kwa kuwa ukamataji kama ule hutokea mara nyingi, na kama McKinnon asingeinamisha kichwa angeinuka akaendelea kucheza, na McLean asingejulikana na mtu. Hakuna mwenye akili aliyesema McLean alikusudia kumlemaza mwenzake.

Mimi naona kundi la kwanza lilikosea lilipotafuta mizani ya shingo na mechi, kwa sababu hakuna mizani hiyo. Lakini la pili lilikosea zaidi. Mwenye kumwinua mtu juu akapoteza uwezo wa kumshusha salama ameshaingia kwenye hatari ambayo si yake peke yake, na kama jana alifanya hivyo hivyo na mwenzake akainuka, jana alibahatika tu.

Na nia ikidhihiri, je? Aprili 2001 Roy Keane wa Manchester United alimkanyaga gotini Alf-Inge Haaland wa Manchester City, baba yake huyu Erling ambaye vijana wetu wanavaa jezi yake. Alipewa kadi nyekundu na akakosa mechi kama kawaida. Mwaka uliofuata akatoa kitabu cha maisha yake, kikaonesha kwamba alikuwa na kinyongo na Haaland tangu 1997. Chama cha soka cha Uingereza kikamwita tena, kikamfungia mechi tano nyingine na kumtoza faini ya pauni 150,000. Mguu ni ule ule na goti ni lile lile, lakini adhabu zikawa mbili: ya kwanza kwa kitendo, ya pili baada ya mwenyewe kuueleza moyo wake. Wale Waingereza sidhani kama walisoma fiqhi, lakini waliona kwamba nia ina hesabu yake na kitendo kina hesabu yake.

Hoja ya tatu ndiyo ninayoiheshimu: mbona wengine hawafungiwi? Hapa mashabiki wana neno, na viongozi wa ligi wasiwapuuze. Alipoiba mwanamke wa ukoo mkubwa wa Makhzum, Usama bin Zaid (r.a.) akatumwa kumwombea asiadhibiwe, Mtume (s.a.w.) alikasirika, akaeleza kwamba waliotangulia waliangamia kwa kumwacha mkubwa akiiba na kumwadhibu mnyonge. Adhabu inayoruka baadhi ya watu huacha kuwa adhabu, ikawa kisasi cha mwenye meza.

Tena kuna jambo ambalo hata asiye shabiki litamshangaza. Oktoba 23, 2022, katika mechi ya watani iliyokwisha kwa sare ya bao moja kwa moja, Clatous Chama wa Simba na Stephane Aziz Ki wa Yanga walikwepa kupeana mikono na wapinzani kabla ya mchezo. Kila mmoja alifungiwa mechi tatu. Salamu ni jambo kubwa, sisi Waislamu ndio wa kwanza kulisema. Lakini asiyetoa mkono na aliyetoa kiwiko wote mechi tatu? Mwanafunzi wangu akinipa majibu ya namna hiyo kwenye mtihani nitamuuliza amepima kwa kipimo gani.

Lakini sikilizeni hoja hii inavyotumika. Anayeuliza mbona wengine hawafungiwi, mara nyingi hataki hao wengine wafungiwe. Anataka wake aachwe. Mwombezi wa Makhzum hakujibiwa kwamba basi na wengine waachiwe ili mambo yawe sawa. Alijibiwa kwamba hata angekuwa Fatima binti Muhammad hukumu ingepita. Malalamiko ya upendeleo yakitoka kwa mtu ambaye hajawahi hata siku moja kudai mchezaji wa timu yake aadhibiwe, yanasikika vibaya, hata kama ni ya kweli.

Na Ajibu mwenyewe je? Katika kelele zote zile jina lake lilitajwa kidogo sana. Huyu ndiye aliyepigwa. Tena aliwahi kuivaa jezi ya Yanga, na wapo walioimba jina lake kwa sauti ile ile waliyomlilia Aucho. Faini za mpira huenda kwa wenye ligi na aliyepigwa hapati kitu. Katika diya fedha huelekezwa kwa aliyedhurika au watu wake, na wao ndio wenye mamlaka ya kusamehe. Sijasikia shabiki aliyesema tumwulize Ajibu kama amesamehe.

Vitabu vya hadithi vimehifadhi kisa kilichosimuliwa na Jabir (r.a.) ambacho kinafanana na mambo haya mpaka mtu ashangae. Wakiwa safarini vitani, mtu mmoja katika Muhajirina alimpiga teke mmoja wa Ansari. Aliyepigwa akaita Ansari wenzake, mpigaji akaita Muhajirina wenzake, na watu wakaanza kukusanyika, kila kundi kwa mtu wake. Mtume (s.a.w.) alipousikia wito ule aliuita wa kijahiliya, akawaambia wauache kwani unanuka. Majina yale mawili, Muhajirina na Ansari, ni majina matukufu yaliyotajwa ndani ya Qur'an, lakini yalipotumika kumkinga mtu na kosa lake yakawa yananuka. Abdullah bin Ubay, kiongozi wa wanafiki, aliliona teke lile kuwa nafasi nzuri ya kuigawa Madina.

Katika kisa hiki hiki, kwa mapokezi ya Muslim, yamo maagizo ya kumsaidia ndugu yako akiwa anadhulumu au anadhulumiwa, na anayedhulumu husaidiwa kwa kuzuiwa. Watu hupenda kunukuu nusu ya kwanza. Kwa kipimo hicho, kamati iliyomfungia Aucho ilimsaidia kuliko waliomtetea.

Imebaki hoja moja, nayo ilitolewa na mzee mmoja wa kijiwe cha Majengo ambaye husikiliza zaidi kuliko kusema. Alisema: "Ustadhi, mimi sikupiga mtu kiwiko. Nimelipa kiingilio nimwone Aucho. Mechi tatu hizo naadhibiwa mimi. Si mmetufundisha kwamba mtu habebi mzigo wa mwenzake?"

Nilimjibu kwamba hilo ni kweli kwa dhambi, na ni kweli pia kwa aliyeumiza makusudi, kwani diya yake hutoka kwenye mali yake mwenyewe. Lakini aliyeua kwa kukosea, wanazuoni wanasema diya yake hubebwa na akila, yaani jamaa zake wa upande wa baba. Hawakutenda kosa, ila wanamnusuru, wanajivunia nguvu zake, na walikuwa na nafasi ya kumwonya. Basi shabiki na achague. Akisema mtu wake alikusudia, adhabu ni ya mtu wake peke yake, na ajue amemtetea aliyekusudia. Akisema alikosea tu, hapo jamaa huchangia malipo, na jamaa wa mchezaji ni sisi tunaovaa jezi yake.

Mzee alikuwa amevaa ya kijani. Alinyamaza, akamwashiria muuza kahawa aongeze kikombe, kisha akasema: "Haya, alikosea. Tulipe."