Mgongo Hauna Kucha

Katika maduka ya dawa na zahanati za Migori na Homa Bay, dawa ya upele ni maji meupe ndani ya chupa: benzili benzoati, asilimia 25. Ikikaa sana hujitenga, mafuta kwake na maji kwake, ndiyo maana huambiwa utikise kwanza. Mafuta na maji hayapatani yenyewe. Huunganishwa na kitu cha tatu, chenye upande mmoja unaopenda maji na mwingine unaopenda mafuta, nacho hukaa mpakani mwa kila tone. Maziwa nayo yameumbwa hivyo. Mpatanishi wa kweli haegemei upande. Yeye hukubali kukaa mpakani.

Ngozi pia ni mpaka. Tabaka lake la juu ni seli zilizokufa, zimeshikanishwa kwa mafuta, na maji matupu hayapenyi kwa urahisi. Humo ndimo kidudu jike cha upele huchimba njia na kutaga mayai mawili matatu kwa siku. Dawa humfuata humo humo taratibu, bila sindano wala jeraha. Muumba ameufunga mlango huu dhidi ya mengi, akauacha uitikie upole.

Wahenga walisema upele humwota asiye na kucha. Mgongoni, sote hatuna kucha. Dawa hii hupakwa kuanzia shingoni hadi nyayo, katikati ya vidole na chini ya kucha, ikaachwa saa 24. Mtu akifika mgongoni, lazima amwite mwenzake.

Na hapakwi mgonjwa peke yake. Anayeambukizwa mara ya kwanza huweza kukaa wiki 4 hadi 6 bila kuwashwa, huku akiwaambukiza wengine. Kwa hiyo nyumba nzima hupakwa siku moja, hata asiyejikuna. Wavuvi wa Mbita na Muhuru, wachimba dhahabu wa Macalder, wanafunzi mabwenini: wanaolala wakibanana hupona pamoja, au upele huwarudia wote.

Yakobo, katika waraka wake, aliagiza wazee wa kanisa wamwombee mgonjwa na kumpaka mafuta. Angeweza kuagiza maombi tu. Naamini aliweka mkono na sala pamoja kwa sababu rehema hutufikia kwa kuguswa. Anayemwombea jirani apone upele, kisha akasita kumpaka dawa mgongoni, sala yake bado haijafika amina.