Je, Picha ya Kilimia ni ya Kweli?

Nikionyesha picha zangu za nyota, vijana huniuliza swali moja tu: "Mtumishi, hii ni ya kweli ama umeitengeneza na kompyuta?" Si swali dogo. Linagusa hata madhabahu, na nitafika huko.

Hebu kwanza nieleze kazi yenyewe. Kuanzia Novemba hivi, jioni, Kilimia huonekana wazi hapa kwetu: kile kishada kidogo ambacho wakulima wa zamani walikitazama kujua msimu, na ambacho Ayubu na Amosi wanakitaja kwa jina. Kwa macho matupu mimi nahesabu nyota sita. Naweka kamera ya kawaida kwenye stendi nyuma ya nyumba, mbali na taa ya sekyuriti ya jirani, na lenzi ya milimita 135. Picha moja haipiti sekunde mbili, maana dunia inazunguka na nyota zinaanza kuvutika kama uzi. Kwa hivyo napiga 400. Kisha nafunika lenzi nipige giza tupu, ndiyo programu ijue madoa ya kamera yenyewe na kuyatoa. Mwishowe kompyuta inazipanga zote moja juu ya nyingine. Chengachenga za kamera hubadilika kila picha, kwa hivyo zinafifia. Mwanga wa nyota uko pale pale, kwa hivyo unabaki. Nyota sita zinakuwa makumi, na kando ya zile kubwa unaanza kuona ukungu wa buluu.

Je, huo ukungu nimeutia mimi? La. Mwaka 1859 Wilhelm Tempel aliuona kwa darubini akiwa Venice, na wengine wakambishia. Mwaka 1885 ndugu wawili wa Paris, Paul na Prosper Henry, wakapiga picha iliyoonyesha ukungu mwingine katika kishada hicho hicho. Ni vumbi linaloakisi mwanga wa nyota. Lilikuwepo. Jicho ndilo haliwezi kuweka akiba ya mwanga, kamera inaweza.

Lakini tuseme ukweli wote. Kwenye kompyuta kuna mahali pa kuongeza rangi, na mkono unawasha! Buluu kidogo, watu wanatazama. Buluu zaidi, wanapiga makofi. Uongo unaanzia wapi? Mimi naona hauanzii kwenye kipimo cha rangi. Nikiongeza picha nzima sawasawa, naongeza kilichofika kweli. Nikipaka pale ninapopenda tu, ama nikikuacha uamini kwamba ukitoka nje utaona hivyo, nimekudanganya, hata kama kila nyota ni halisi.

Sasa njoo madhabahuni. Mtu ameombewa, akameza na dawa, akapona malaria. Anasimama kushuhudia, dawa anaiacha nje. Kila neno alilosema ni kweli, lakini picha si ya kweli. Na kwenye kiti cha nyuma kuna mama mwenye presha anayesikiliza. Akifika nyumbani anaacha tembe zake. Wako wanaosema kutia chumvi kwa ajili ya utukufu wa Mungu si dhambi. Mimi sikubali. Aliyeumba Kilimia hahitaji nimwongezee buluu.

Mgeni akija kwangu nampeleka nje kwanza, ahesabu mwenyewe. (Dada mmoja alipata saba, akanishinda.) Halafu ndani namwonyesha picha moja ya sekunde mbili, na chengachenga zake zote. Ndipo nafungua ile ya 400.